Safari ya Kisiwani: Soma Nambari Kabla Hujapanda Chombo

Somo hili ni la wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wa Ngara na Biharamulo. Nanyi mnaosikiliza nyumbani bila darasa, vuteni vigoda karibu na redio. Bwana Mwalimu, au Bibi Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu kwa herufi kubwa: CHOMBO. NAMBARI. BOYA.

(Mwalimu aandike. Wanafunzi wasome pamoja mara mbili.)

Vema. Leo tutazungumza habari za kusafiri kwenda kisiwani, na jinsi ya kwenda na kurudi salama.

Najua wako watakaosema, "Sisi ni watu wa milima na migomba. Visiwa vyatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki. Mtu wa Ngara amezoea mto Ruvuvu na mto Kagera, hakuzoea ziwa. Lakini maji hayo ya Ruvuvu huingia katika Kagera karibu na Rusumo, na Kagera huyapeleka mpaka Ziwa Viktoria. Watu nao hufuata njia ya maji. Vijana wetu wangapi wamekwenda visiwani kuvua dagaa na sangara? Wangapi wameoa huko? Basi ikija sikukuu, au harusi, au msiba, babu na bibi hufunga mzigo, huteremka mpaka pwani ya ziwa, na huko hukuta jambo ambalo hawakulizoea, yaani kuacha nchi kavu na kupanda chombo.

Ndugu wa Biharamulo wasijione mbali. Zamani pwani ya Chato ilikuwa ndani ya wilaya yao, kabla Chato haijawa wilaya peke yake. Hata leo, mtu wa Biharamulo anayetaka kwenda kisiwa cha Rubondo hupita Chato mpaka Muganza, akapanda mashua pale Kasenda.

Rubondo nimekitaja kwa makusudi, maana siku hizi watu hawaendi visiwani kwa harusi na msiba tu. Wengine huenda kupumzika na kutazama. Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Wako sokwe ambao asili yao si huko. Wazazi wao walikuwa wamefungwa Ulaya, katika bustani za wanyama na michezo ya sarakasi, na kati ya miaka 1966 na 1969 waliletwa kwa meli wakaachiliwa msituni Rubondo wajitafutie chakula wenyewe. Wengi tulidhani watakufa kwa njaa, maana walizoea kulishwa mkononi. Hawakufa. Wamezaa, na wajukuu wao wako huko mpaka leo. Wako tembo na twiga pia, nao waliletwa. Mamba na viboko hawakuletwa na mtu, ni wenyeji. Ni mahali pazuri pa kumpeleka mtoto aliyefaulu mtihani.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Msafiri wa kisiwani huogopa vitu vingi. Huogopa mamba, huogopa nyoka, huogopa wachawi wa ugenini. Lakini waliopotea ziwani kwetu, wengi wao walipotea kwa sababu nyingine kabisa. Nitawasimulia.

Siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko kilichoitwa MV Nyerere kilitoka Bugolora, katika kisiwa cha Ukerewe, kwenda Bwisya, katika kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wengi, na mizigo yao mingi. Hapakuwa na tufani. Safari ile ni fupi, na kivuko kilikuwa kimekwisha fika karibu na gati, mita chache tu. Watu waliokuwa ukingoni Bwisya walikuwa wakiwatazama ndugu zao wakija. Hapo kivuko kikalala ubavu, kikapinduka, tumbo likawa juu.

Watu waliokufa walikuwa 228. Waliookolewa walikuwa 41.

Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba watu 101.

Bwana Mwalimu, andika nambari hizo tatu ubaoni, na darasa lifanye hesabu. Kwanza jumlisheni 228 na 41. Kisha toeni 101.

(Redio itanyamaza kidogo. Wanafunzi wafanye hesabu katika madaftari yao.)

Mmepata ngapi? Jumla ni 269. Ukitoa 101, wabaki 168. Maana yake ni kwamba katika kivuko kile walikuwamo watu 168 ambao nafasi yao haikuwako. Tena hatujahesabu magunia.

Hesabu hii si ya chuo kikuu. Ni ya daftari la pili la kisomo. Kila mmoja wenu ameifanya sasa hivi. Hiyo ndiyo sababu nimeichagua iwe somo la leo.

Kila meli na kila kivuko kinachokaguliwa hupewa cheti, na katika cheti huandikwa idadi ya abiria na uzito wa mizigo. Mkaguzi ni shirika la Serikali liitwalo TASAC. Mara nyingi idadi hiyo huandikwa pia mahali ambapo abiria aweza kuiona, ukutani au penye mlango wa kuingilia. Mtu asiyejua kusoma huipita kama apitavyo picha ya tangazo la sabuni. Ninyi sasa mnajua kusoma. Basi isomeni. Tafuteni neno ABIRIA, kisha mtazame nambari iliyo kando yake. Kisha tazameni watu. Hamhitaji kuhesabu kila kichwa. Hesabuni waliokaa katika safu moja, mkazidishe kwa safu zote. Ikiwa watu wamesimama katikati, na wengine wamekaa juu ya magunia, na bado wanaingia, jibu mmekwisha kulipata.

Kwa mitumbwi na mashua za injini kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu nyingi hazina maandishi. Hapo tazama ukingo wa chombo. Ukiona maji yamekaribia ukingo, hata wakati kimetulia penye mwalo, jua kwamba wimbi la kwanza litaingia ndani. Chombo kilichopakiwa vizuri hukaa juu, na ubavu wake waonekana.

Jambo la pili ni jina lako.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama asubuhi ikiwa inakaribia Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Katika mkoa wetu wa Kagera, wengi waliokuwa watu wazima mwaka ule wamjua mtu aliyepotea siku ile. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza.

Liko jambo moja katika habari hizo ambalo halisemwi sana. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa majina, nao tayari walikuwa 443. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa. Daraja la tatu ndilo daraja letu, wakulima na wachuuzi wa ndizi. Hata leo hakuna awezaye kutaja kwa uhakika idadi ya waliokuwamo. Miaka 22 baadaye, MV Nyerere ilipopinduka, iliripotiwa kwamba aliyekuwa akikata tiketi alizama pamoja na mashine yake, na hesabu ya abiria ikazama naye.

Nafikiri juu ya mama mmoja aliyekaa nyumbani wakati huo akingoja. Mwanawe alimwambia atakuja "wiki hii". Hakusema siku, hakusema chombo. Mama yule hana kaburi la kwenda kupalilia, wala hana karatasi yenye jina. Hata kuanza matanga alisita, maana huenda mtoto alibadili mawazo akashuka njiani.

Kwa hiyo, ninyi mliojifunza kuandika jina lenu mwaka huu, fanyeni hivi. Mkikata tiketi, angalieni jina lenu limeandikwa, na limeandikwa sawasawa. Msikubali kuandikwa "Mama Fulani na watoto". Tajeni watoto wote kwa majina, hata wa mgongoni. Tena kabla ya kutoka nyumbani, andikeni karatasi ndogo, mwiache kwa jirani au kwa mtoto mkubwa. Karatasi hiyo iseme: nasafiri siku fulani, na watu fulani, kutoka mwalo fulani, kwa chombo fulani, nitafikia kwa fulani, nitarudi siku fulani. Mkifika, pigeni simu. Msipofika, watu wajue pa kuanzia kuwatafuta.

Hapa nataka kuchepuka kidogo. Mwalimu Nyerere alipoagiza kwamba katika wilaya sita ujinga wa kutokujua kusoma ufutwe kabla mwaka 1971 haujaisha, mbili kati ya hizo zilikuwa visiwa: Mafia na Ukerewe. Wazee wa Ukerewe walikaa chini ya miti kama mkaavyo ninyi leo, wakaandika a, e, i, o, u. Baadhi ya wajukuu wao walizama pale Bwisya. Nambari ilikuwako. Sisemi kwamba hawakujua kuisoma. Nadhani wengi waliijua. Nasema kwamba kusoma nambari ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuwa na moyo wa kushuka.

Nusu hiyo ya pili ndiyo ngumu. Sikilizeni mazungumzo haya. Mama mmoja wa Rulenge amefika mwaloni na kapu lake, anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Nahodha ni kijana.

NAHODHA: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Chombo chako chabeba watu wangapi?

NAHODHA: Ishirini, mama. Panda tu, twaondoka sasa hivi.

MAMA: Nimehesabu hapa nilipokaa. Mmo ishirini na sita.

NAHODHA: Ah, mama, hao wengine ni watoto.

MAMA: Mtoto naye ana uzito, mwanangu. Niliwabeba saba, nawajua. Na maboya yako wapi?

NAHODHA: Yako chini ya magunia. Tutayatoa tukifika katikati, upepo ukizidi.

MAMA: Upepo ukizidi utashika usukani, au utahamisha magunia?

NAHODHA: (anacheka) Mama, unachelewesha watu. Kila siku twaenda hivi, na hatujazama.

MAMA: Nenda salama, baba. Mimi nitangoja kinachofuata. Nirudishie nauli yangu.

NAHODHA: Nauli hairudi, mama.

MAMA: Basi nitaihesabu kuwa ada ya shule.

Mazungumzo hayo tumeyatunga, lakini maneno ya nahodha ni yale yale mtakayoyasikia. "Twaondoka sasa hivi." "Hao ni watoto." "Kila siku twaenda hivi." Mkiyasikia matatu kwa pamoja, kaeni chini.

Nisiwadanganye, kungoja kuna gharama. Nauli yaweza kupotea. Utalala mwaloni, na mwaloni kuna mbu na wezi. Ikiwa unakwenda kuzika, huenda maiti ikazikwa hujafika, na watu wa ukoo wakasema maneno. Haya ni mambo mazito, wala simcheki mtu anayepanda kwa sababu hiyo. Namwambia tu kwamba wafiwa hawataki msiba wa pili. Ikiwezekana, jipangieni siku moja zaidi ya safari tangu mkiwa nyumbani, na pesa ya kulala usiku mmoja ifungwe mbali na nauli. Mtu mwenye siku ya akiba hana haja ya kushindana na nahodha.

Na mkiwa wawili au watatu, semeni pamoja. Mtu mmoja akishuka, huitwa mwoga. Watano wakishuka, chombo kimepungua, na hata waliobaki mmewasaidia.

Sasa tufike kwenye neno la tatu ubaoni: BOYA. Hapa nasema boya la kuvaa, ambalo wengine huliita jaketi okozi. Livae kabla chombo hakijaondoka, ukiwa bado una utulivu wa kuona kamba zake. Funga kamba zote. Kisha mwambie mwenzako alishike mabegani alivute juu. Likipanda mpaka likafunika kidevu, ni kubwa mno kwako, au hukulikaza. Usilikalie kama mto, na usilivae chini ya koti. Mtoto avae la kwake, dogo. La mtu mzima humponyoka mtoto majini likabaki likielea peke yake.

Akina mama, neno moja kwenu. Barabarani mtoto mgongoni ni salama. Majini si salama. Ukimfunga kwa kitenge mgongoni na chombo kikapinduka, hutamwona, hutajua kama uso wake uko juu ya maji, wala hutaweza kufungua fundo. Mkiingia chomboni, mshusheni mtoto, mumkalishe mbele kifuani. Kadhalika, vueni viatu vizito na makoti mazito. Mtu wa Ngara amezoea koti kwa ajili ya baridi ya milimani, lakini koti likilowa laweza kumvuta chini.

Ikiwa chombo hakina boya hata moja, hicho si chombo cha kupanda. Hata hivyo wavuvi wana hekima yao: dumu tupu, lililofungwa kizibo kwa nguvu, huelea, na mtu akilikumbatia kichwa chake hubaki juu ya maji. Mkiwa na dumu la mafuta ya kula mnalopeleka tupu kisiwani, msilitie chini ya mizigo. Liwekeni karibu na mkono. Dumu si badala ya boya, ila siku ya taabu ni bora kuliko mikono mitupu.

Habari za hali ya hewa nitazisema kwa ufupi, maana wenyeji wa ziwa wazijua kuliko mimi. Ziwa Viktoria hujitengenezea dhoruba zake. Mchana nchi kavu hupata joto na upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Usiku upepo hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani, na mawingu hukusanyika juu ya maji. Ndiyo maana ngurumo kubwa za ziwani hupiga usiku, na upande wetu wa magharibi mvua nyingi hunyesha alfajiri na asubuhi. Basi msisafiri usiku kwa chombo kidogo. Asubuhi ngojeni wingu lipite. Miezi ya Juni mpaka Agosti anga laweza kuwa jeupe kabisa, na bado upepo wa kusi ukainua mawimbi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Viktoria, na redio huusoma. Mkiusikia, usikilizeni kama msikilizavyo bei ya kahawa.

Tuseme sasa mabaya yametokea, na chombo kimepinduka. Usianze kuogelea kwenda ufukweni, hata ukiuona. Ufukwe huonekana karibu kuliko ulivyo. Shika chombo. Mtumbwi wa mbao hauzami wote, huelea hata ukiwa umegeuka, na waokoaji huona mtumbwi kabla ya kuona kichwa cha mtu. Ikiwa ni kivuko chenye paa, toka kwanza chini ya paa. Kwa sababu hiyo, tangu mwanzo kaa mahali unapoujua mlango. Na chombo kinapokaribia gati, kaa ulipo. Watu wote wakikimbilia upande mmoja ili washuke wa kwanza, uzito wao huinamisha chombo, na chombo kilichojaa hakina nguvu ya kujiinua tena. Hatari ya safari haiishi mpaka kamba imefungwa. Simu ya dharura ni 112, na zimamoto na uokoaji ni 114. Ziandikeni ndani ya jalada la daftari sasa hivi.

(Mwalimu ahakikishe kila mwanafunzi ameandika.)

Mkifika kisiwani, mambo ni machache. Maji ya ziwa ni safi kwa macho tu, basi yachemsheni kabla ya kunywa. Msikae majini bure bure, maana katika maji ya ufukweni, penye majani na konokono, kuna vijidudu vya kichocho. Hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda, na mtu hahisi neno. Ikiwa mmelazimika kushuka chomboni na kutembea majini, jifuteni mara moja kwa kitambaa kikavu, na mkirudi nyumbani mwambieni mganga wa zahanati kwamba mlikuwa ziwani. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Kuhusu mamba, ulizeni wenyeji mahali wanapoteka maji, na mteke hapo hapo, mchana. Rubondo msitembee bila askari wa hifadhi.

Wale wanaokwenda Mwanza wamepunguziwa sehemu moja ya maji. Tangu Juni 2025 magari hupita juu ya daraja kati ya Busisi na Kigongo, wala hayangoji tena pantoni. Lakini ukitoka Mwanza kwenda Ukerewe utaikuta tena meli, na ukizunguka kwa njia ya Bunda utakikuta kivuko pale Kisorya. Nambari itakuwa ikikungoja ukutani.

Kazi ya wiki hii ni hii. Kila mwanafunzi aandike ile karatasi ndogo ya safari, kama kwamba anasafiri Jumamosi ijayo. Aandike jina lake kamili, majina ya anaosafiri nao, mwalo, chombo, mwenyeji wake, na siku ya kurudi. Kisha abadilishane na mwenzake, kila mmoja asome ya mwingine kwa sauti. Mwenzako akishindwa kusoma jina lako, liandike upya kwa herufi kubwa.

Swali la kuzungumza darasani: chombo cha mwisho cha siku kimejaa, na wewe unakwenda kumzika ndugu yako. Utafanyaje, na utawaambia nini watu wa ukoo? Mwalimu aandike majibu yote ubaoni, hata yasiyopatana.

Kwaherini, mpaka wiki ijayo saa ile ile.